Labrado mdogo akiacha kurudisha mpira, si lazima awe feki

Wengi hapa Kampala tunaamini mbwa wa aina ya labrado, yule wa kweli, anazaliwa anajua kurudisha mpira, kwa hiyo kapapi, yaani kambwa kachanga, kakichoka tunasema si mbegu safi, ama ni kavivu. Damu inachangia kweli, lakini mbwa mdogo hamu yake inaisha haraka, tena kati ya miezi 4 na 6 anabadilisha meno na fizi zinamuuma, mpira mgumu anaukwepa. Mfungue mdomo taratibu uangalie mwenyewe, ukikuta fizi nyekundu na mapengo mpe kitambaa laini kilichopigwa fundo, na usimchape akikiangusha njiani jamani, ataanza kukuogopa. Rusha mara 3 tu, asubuhi kabla jua halijawaka, acha akiwa bado anakitaka, jaribu hivyo wiki nzima ndo ulinganishe na mwanzo.