Je, wajua kwa nini korongo la jangwani hufurika wakati jua linawaka?

Ukitoka Kanab, mji mdogo wa jimbo la Utah nchini Marekani, ukishika barabara namba 89 hadi Page, Arizona, unakata kama kilomita 120 za jangwa. Miamba ni myekundu kwa kutu ya chuma iliyomo ndani yake, na vijito unavyovivuka vimekauka kabisa. Lakini mahali pakavu namna hii watu hufa maji.

Karibu na Page, katika ardhi ya Wanavajo, mojawapo ya makabila ya wenyeji asilia wa Marekani, lipo korongo la Antelope Canyon. Sehemu yake ya juu wenyewe huiita Tsé bighánílíní, yaani mahali maji yanapopita kati ya mawe. Jina lenyewe ni onyo. Tarehe 12 Agosti 1997 kundi la watalii lilikuwa chini kabisa ya korongo hilo. Pale walipokuwa, mvua haikuwa ya kumtisha mtu. Ile kubwa ilikuwa ikipiga kilomita kadhaa huko juu. Maji yalipowafikia, ngazi za mbao zilisombwa. Walikufa watu 11, akanusurika mmoja tu, kiongozi wa msafara.

Maji hayo hutoka wapi? Shamba lenye udongo na majani hunywa mvua taratibu. Jangwani hakuna cha kuinywa: ni mwamba mtupu na udongo mgumu, uoto wa kuhesabika. Mvua ya radi ya Julai hadi Septemba ikimwagwa kwa nusu saa, karibu yote huteleza juu ya jiwe, vijito mia vikakutana katika kimoja, na hicho kikaingia kwenye ufa ambao penginepo unagusa kuta zote mbili ukinyoosha mikono. Kwa kuwa hayana pa kutandaa, maji hupanda juu na kuongeza kasi. Aliye ndani huona utepe mwembamba wa anga ya buluu, basi. Wingu lenyewe hawezi kuliona.

Na ni maji hayohayo yaliyolichonga korongo. Mwamba wake ulikuwa vilima vya mchanga wa jangwa takribani miaka milioni 190 iliyopita; ukiusogelea ukutani utaona mistari ya mshazari, alama za upepo wa enzi hizo. Maji hupenya kwenye ufa yakiwa yamebeba mchanga, na mchanga huo husugua jiwe kama msasa, mafuriko baada ya mafuriko. Ndiyo maana kuta zina mawimbi laini kama kitambaa.

Kenya pia msiba huu unajulikana: katika korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha, mafuriko ya ghafla yaliua wageni mwaka 2012 na tena 2019.

Leo haingii mtu Antelope Canyon bila kiongozi Mnavajo, na ngazi ni za chuma zilizofungwa kwenye mwamba. Kiongozi akikwambia safari imeahirishwa kwa ajili ya mvua usiyoiona, mshukuru, nauli yako iwe imepotea au la. Katika makorongo mengine ya eneo hilo, kama Buckskin Gulch, inua macho: kuna magogo yamebanwa kati ya kuta, juu sana ya kichwa chako. Maji ndiyo yaliyoyaacha pale.