Nguo za kiwandani bado zinashonwa na mikono ya watu

Wengi tunaamini nguo za viwandani, hasa za kuuza nje, siku hizi zinatoka kwenye mashine tupu, pamba inaingia huku shati linatokea kule. Nusu ni kweli, kusokota uzi, kufuma, kutia rangi na hata kukata vitambaa kwa kompyuta, huko mashine zimeshika kitambo. Kushona ndo bado. Kitambaa kinajikunja, kinavutika, kinateleza, na roboti inayobeba bati la gari bila shida inahangaika kuokota kipande kimoja tu kwenye rundo, kwa hiyo mtu anakaa kwenye cherehani anakiongoza kwa vidole, na huo ni ujuzi mkubwa kuliko heshima tunayoupa.

Otomatiki ya kushona, yaani mashine kushona zenyewe, inakwenda vizuri zaidi kwenye vitu bapa vyenye mishono iliyonyooka, kama taulo na shuka.

Kuhakikisha ni rahisi. Geuza shati lako ndani nje uangalie kola na kwapa, uone mshono unavyozunguka kona, halafu soma matangazo ya kazi ya viwanda vya nguo uhesabu mangapi yanatafuta washonaji.