Jozi za Kati Dhidi ya Mpinzani Anayeshambulia: Dhana Potofu na Ukweli

Katika poka ya Texas Hold'em, jozi za mkononi (karata zako mbili za siri zenye namba moja) kama 7-7, 8-8 na 9-9 huwatesa wachezaji kuliko A-A au 2-2, kwa sababu zina nguvu ya kutosha kumzuia mtu asizitupe lakini hazimpi utulivu pale mpinzani anapoanza kumwaga chipu (vipande vya kuwekea dau) mezani.

Dhana: Mpinzani akipandisha juu ya dau lako, ana jozi kubwa kuliko yako.

Ukweli: Inategemea ni nani na ameketi wapi. Tuseme una 9-9. Mchezaji mgumu wa nafasi za mwanzo (anayelazimika kuamua kabla ya wengine), ambaye hupandisha tena kwa jozi za 10-10 hadi A-A na kwa A-K pekee, anaweza kuwa na michanganyiko 46 ya karata: 30 ni jozi na 16 ni A-K. Hapo umetanguliwa katika 30 kati ya 46, na uwezekano wako wa kushinda hadi karata ya mwisho haufiki theluthi, hivyo kuzitupa si woga hata kidogo. Mchezaji mwingine, aliye nafasi za mwisho, akiongeza A-Q, A-J, K-Q, na A-5 hadi A-2 zenye alama moja (mfano zote kopa), michanganyiko yake inafika 110. Zinazokutangulia bado ni zilezile 30, nawe unakaribia nusu kwa nusu. Dau ni lilelile, karata zako ni zilezile, lakini uamuzi umegeuka kabisa.

Dhana: Karata kubwa ikitokea kwenye karata tatu za kwanza za mezani, 9-9 imekwisha.

Ukweli: Angalau karata moja kubwa kuliko 9 hutokea hapo karibu mara 79 kati ya 100, kwa hiyo anayekimbia kila anapoiona amekubali kunyang'anywa chipu zake karibu kila raundi. Mfikirie yule mshambuliaji wa pili, na mezani pamefunguka K-7-2 za alama tofauti. Ukiondoa karata zinazoonekana, anabaki na michanganyiko 98, na ni 51 tu inayokushinda kwa sasa. Akiweka dau la theluthi ya fedha zilizo mezani, unahitaji ushindi mmoja tu katika mara tano ili kufuata dau kusikutie hasara. Sioni sababu ya kutupa karata hapo. Hali hubadilika akiendelea kubeti kwa nguvu katika karata ya nne na ya tano, kwa kuwa wengi wasio na kitu huacha kusukuma, na dau linalolingana na fedha zote za mezani linakudai ushinde mara moja katika tatu.

Dhana: Pandisha dau ili ujue umesimama wapi.

Ukweli: Hapo kwenye K-7-2, mwenye A-J atatupa, mwenye A-K atabaki, na utakuwa umewafukuza wale hasa uliokuwa unawashinda. Ni njia ghali ya kuuliza swali.

Dhana: Jozi yoyote inastahili kufuata dau, kwani ukipata tatu za namba moja utalipwa.

Ukweli: Karata tatu za kwanza hukamilisha tatu hizo, au zaidi, takriban mara 1 katika 8.5. Ikiwa hilo ndilo tumaini lako pekee, wachezaji makini hutaka chipu zilizobaki ziwe mara 15 hadi 20 ya kiasi wanacholipa kufuata, maana mpinzani hatapoteza zote kila unapozipata, na mara chache yeye naye atakuwa na kubwa zaidi. Akiwa amebakiwa na mara nne tu ya kiasi hicho, hata akizisukuma zote na kushindwa, fedha hizo hazitafidia mara zote ulizolipa bila kupata kitu.