Bicoid si tone la wino
Ukiuliza Bicoid, protini inayouonyesha mwili wa nzi mbele ni wapi na nyuma ni wapi, inasambaaje ndani ya yai, jibu halibadiliki, darasa baada ya darasa: "Bicoid huwekwa mbele ya yai la nzi wa matunda, kisha husambaa kama tone la wino kwenye glasi ya maji." Kwisha habari. Nusu ya pili ya jibu hilo ni kosa, na ndilo linaloharibu kila hesabu inayofuata.

Wino hauongezwi wala hauvunjwi, ndiyo maana glasi huishia kuwa na rangi moja. Mteremko wa Bicoid, yaani kupungua kwa ukolezi wake kutoka mbele kwenda nyuma, hutokana na mambo matatu yanayokwenda pamoja: chanzo, msambao na uvunjaji. Mama hupakia mRNA (nakala ya jeni inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini), si protini yenyewe. Hutoka kwenye seli walezi yai likiwa bado ovarini, nayo hufungwa kwenye ncha ya mbele kupitia kipande chake cha mwisho kisichotafsiriwa, protini ya Staufen ikiwa mmoja wa wasaidizi. Protini huanza kutengenezwa yai likishatagwa. Huzidi kutoka mbele, husogea nyuma, na njiani molekuli zinavunjwa. Kwa hiyo katika yai la mikromita 500 hivi, kila ukirudi nyuma mikromita 100, ukolezi hubaki karibu asilimia 37 ya ulivyokuwa.

Umbali huo wa mikromita 100 hivi ni kipeuo cha pili cha zao la kigezo cha msambao (kasi ya kusambaa) na wastani wa uhai wa molekuli. Chukua kigezo cha mikromita za mraba 3 kwa sekunde na uhai wa dakika 50, yaani sekunde 3,000: unapata mikromita 95. Sasa weka 0.3, kipimo cha mwaka 2007 ambacho wanafunzi hupenda kunakili: unapata 30, na mteremko unaishia karibu na kichwa. Vipimo vya 2010 vilivyofuatilia mwendo wa haraka wa molekuli vilitoa 7 hivi. Ukinukuu namba, sema ilipimwaje. Na ukiondoa uvunjaji, huna umbali wowote wa kukokotoa. Protini ingeendelea tu kutambaa kuelekea nyuma.

Kuna mengine ninayosikia darasani. "Inapenyaje kuta za seli?" Kwanza, kuta ni za mimea. Pili, hakuna cha kupenya: migawanyiko 13 ya kwanza ni ya viini peke yake, ndani ya saitoplazimu moja. Utando hujengwa kuzunguka viini 6,000 hivi katika mzunguko wa 14, zaidi ya saa mbili baada ya kutagwa kwa nyuzi 25.

"Mteremko wa mRNA unatosha." Hautoshi. Sehemu kubwa ya mRNA imejazana katika asilimia 20 ya mbele, ilhali mpaka wa Hunchback, jeni inayowashwa na Bicoid, uko karibu na katikati ya yai.

"Ukiongeza jeni ya bicoid mara mbili, mipaka yote inasogea kama hesabu inavyosema." Hesabu inasema mikromita 69. Mipaka husogea, lakini pungufu ya hapo, kwa sababu jeni zinazopokea ishara hurekebishana zenyewe.

Dorsal, protini inayopanga mgongo na tumbo, nayo isichanganywe na hii. Jumla yake ni karibu sawa pande zote za yai. Kinachopanda upande wa tumbo ni kiasi kinachoingia kwenye viini, baada ya kipokezi cha Toll kusababisha Cactus, protini inayoizuia Dorsal kuingia, ivunjwe.

Wala Bicoid si ya wadudu wote. Ni ya kundi la nzi walioendelea. Anopheles gambiae hana, kwa hiyo anayefanya kazi na mbu asipoteze praima (vipande vifupi vya DNA vya kunasia jeni) kuitafuta.

Kwa wanaopima Bicoid kwa GFP, protini inayong'aa kijani iliyounganishwa nayo: toa mwanga wa usuli kabla ya kuchora mkunjo, ukitumia viinitete visivyo na GFP vya umri uleule. Usipoutoa, mkia wa mkunjo hulala na umbali hutoka mrefu kupita kiasi. GFP changa pia haing'ai papo hapo. Protini changa nyingi ziko mbele, basi mbele huonekana hafifu kuliko ilivyo, na kosa huongezeka upande uleule.