Ana saba mkononi na hakati: tunavyomkosea mchezaji asiyetaka kumaliza

Hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, malori yakikwama foleni ya forodha madereva wanatandika kikoi chini ya trela, hawa karata, wale drafti, wengine ludo, na kila siku watazamaji wanapiga kelele ile ile: mzee unachelewesha nini, si umalize tu, umeshashinda! Mi nimekua nikisikia hayo maneno na yananiuma kweli, kwa sababu mchezaji mzuri anaitwa mjinga au mwoga na yeye anajua kabisa anachofanya.

Watu wanasema: hamalizi kwa sababu hajaona

Chukua matatu, si yale magari, ni ule mchezo wa karata unaochezwa Uganda nzima. Kila mtu anapewa karata saba, halafu kuna ile moja inayofunuliwa na kuwekwa chini ya rundo, hiyo ndo inasema saba gani inakata. Ikiwa ni kopa basi ni saba ya kopa. Mwenye nayo akipata nafasi ya kuitupa mchezo unaisha pale pale, mnaweka karata chini mnahesabu, na mwenye pointi chache ndo mshindi. Sikia vizuri, mwenye pointi chache, siyo mwenye saba.

Kwa hiyo yule dereva unayemcheka ana saba lakini mkononi bado ana esi na mbili, karata za pointi nyingi hizo, na hajui mwenzake ameshika nini. Akikata sasa anaweza kujikata mwenyewe. Anapunguza mzigo kwanza, anatupa kubwa kubwa, anamwangalia mwenzake usoni. Na kungoja nako kuna hatari, maana mwenzake anaweza kumaliza karata zote kabla yake, na anayezimaliza kwanza ameshinda. Ndo hesabu yenyewe hiyo, nani mwepesi saa hii, na ameiona zamani, ni wewe uliyesimama nyuma yake hujaiona.

Watu wanasema: anaogopa, au anamwonea mwenzake huruma

Hapa ndo watu wanakosea zaidi. Kabla hujamhukumu mchezaji angalia kwanza akishinda kinafuata nini.

Nenda kwenye meza yoyote ya pool hapa mjini siku ya mwisho wa mwezi. Kila gemu inalipiwa, kuna watu watano wanangoja zamu, na sheria ni moja, aliyeshindwa anatoka, aliyeshinda anabaki mezani. Pale huoni mtu anachelewesha ushindi hata siku moja! Kushinda ndo kunakuweka kwenye mchezo. Sasa rudi chini ya trela saa nane usiku, watu ni wawili tu, wa tatu amelala kwenye kebini, karatasi za mzigo hazijatoka, na yule mdogo ameshafungwa mara nne mfululizo. Ukimfunga ya tano kwa haraka anasema "bwana mi naenda kulala" na wewe unabaki na mbu. Ni mtu yule yule, huenda hata pesa ya kuwekeana ni ile ile, lakini kwenye pool anamaliza haraka na hapa anaenda polepole, kwa sababu kule ushindi unaleta mchezo mwingine na hapa unaufunga. Tabia haijabadilika, ni meza iliyobadilika.

Hata wanyama wanajua hili. Angalia mbwa mkubwa akicheza na kitoto, anajilaza chali mwenyewe, anakubali kung'atwa sikio, anakimbia polepole ili akamatwe. Wanaochunguza tabia za wanyama wameona hivyo kwa aina nyingi, mwenye nguvu anajipunguza, la sivyo mdogo anaacha kucheza. Sasa huyo mbwa naye utamwita mwoga?

Mweso, yaani ule mchezo wa bao wa Uganda, nilifundishwa na mzee mmoja jirani yetu, Muganda wa upande wa Masaka. Ubao una mashimo 32, kila mtu 16 ya upande wake, kete ni 64, na kitu kinachonifurahisha mpaka leo ni kwamba kete haitoki nje ya ubao. Ukila za mwenzako unazipanda upande wako na mchezo unaendelea na kete zile zile 64. Unaisha mtu akikosa pa kuanzia, yaani hana shimo lolote lenye kete mbili au zaidi. Mzee alikuwa ananifikisha hapo pembeni kabisa, nimebaki na shimo moja au mawili ya kuchezea, halafu ananiacha, anacheza upande mwingine, anasema "haya mwanangu, tafuta njia." Nilidhani hajaona. Alikuwa ameona toka zamani, alitaka mimi ndo nione, na kama angenifunga kila dakika tano nisingeujua mweso leo.

Watu wanasema: anayekwepa ushindi ameuza mechi

Kuuza mechi kupo na ni wizi, sitetei hilo. Lakini siyo kila anayekataa ushindi ni mwizi, mara nyingine sheria yenyewe ndo imemsukuma. Mwaka 1994, mechi ya kufuzu Kombe la Karibea, Barbados ilihitaji kuifunga Grenada kwa tofauti ya mabao mawili. Na waandaaji walikuwa wameweka sheria kwamba bao la kumaliza mchezo kwenye muda wa nyongeza linahesabiwa mawili. Barbados wanaongoza 2-0, dakika ya 83 Grenada wanapata moja, 2-1. Sasa ushindi huo wa 2-1 ungewatoa. Wafanye nini? Dakika ya 87 wakajifunga wenyewe makusudi ikawa 2-2, halafu dakika zilizobaki wakawa wanalinda magoli yote mawili, kwa sababu Grenada walishashtuka na walikuwa tayari kufunga popote, hata kwao. Muda wa nyongeza Barbados wakafunga, likahesabiwa mawili, 4-2, wakapita. Walikataa ushindi mdogo ambao ungewamaliza wakapata mkubwa, na hakuna sheria waliyovunja.

London 2012 mambo yalikuwa magumu zaidi. Wachezaji wanane wa badminton, wanawake wa China, Korea Kusini na Indonesia, waliondolewa mashindanoni kwa kutaka kushindwa mechi za makundi ili wapate mpinzani mwepesi raundi ya mbele. Kwangu mimi kosa lao ni kwa watazamaji waliolipa kiingilio, lakini aliyepanga makundi hivyo naye ana lake.

Watu wanasema: basi kuchelewesha ni uungwana

Hapana, na hili naomba vijana wa hapa stendi wanisikilize. Kuna mtu anakuja kwenye pool siku meza haina foleni, hujawahi kumwona, anakosa mipira rahisi, anakuacha ushinde ya kwanza na ya pili, anacheka na wewe, halafu anasema tuongeze dau. Huyo hachezi ili mchezo uendelee, anangoja pesa iwe nyingi, na siku ya dau kubwa utashangaa mkono wake umenyooka ghafla. Ukiona mtu anashindwa vibaya na hakasiriki, kisha yeye ndo anakuwa wa kwanza kutaja pesa zaidi, chukua ulichoshinda uende nyumbani.