Nani analipia darubini?

Wiki ya mbalamwezi hapa Kibirizi, Kigoma, mitumbwi ya dagaa hulala mwaloni. Mwezi ukiwaka sana taa hazivuti samaki, basi wavuvi hubaki wakishona nyavu. Juzi mjomba, sindano mkononi, akaniuliza: "Mpwa wangu, hizo darubini zenu kubwa, nani anazilipia?"

Marekani ni serikali, kupitia NASA, shirika lake la anga, na NSF, mfuko wake wa sayansi, na kila miaka kumi wanasayansi hukaa kupanga kipi kitangulie kujengwa. Matajiri nao hutoa: zile darubini mbili za Keck kule Hawaii zilijengwa hasa kwa fedha za wakfu wa familia.

Ulaya ndiko kulikomvutia mjomba. Mwaka 1962 Ubelgiji, Ufaransa, Ujerumani, Uholanzi na Sweden zilianzisha ESO, shirika lao la pamoja la darubini. Leo wanachama ni 16, na kila nchi huchanga kulingana na pato lake. Darubini zenyewe ziko Chile, katika jangwa la Atacama, penye hewa kavu na mawingu machache. Chile si mwanachama, haitoi ada. Hata hivyo wanafalaki wake hutengewa hadi asilimia 10 ya muda wa kutazama.

Mjomba aliweka sindano chini. "Kumbe wanapata mgao wa mwalo, fungu la wenye ufukwe."

Ndivyo hasa. Kwetu sisi wanafalaki mgao ni saa za darubini. Mwenye saa ana data, na mwenye data ana wanafunzi wanaomaliza shahada nyumbani kwao badala ya kusubiri mwaliko wa nje. Ndiyo maana naona mkataba wa Chile na ESO ni mkubwa kuliko ruzuku nyingi.

Afrika Kusini nayo ilianza na sheria, ya mwaka 2007, ya kulinda anga la jimbo la Northern Cape dhidi ya mwanga na mawimbi ya redio. Leo antena 64 za MeerKAT, darubini ya redio, ziko huko. Ghana ilikuwa na dishi la mita 32 pale Kuntunse, la simu za kimataifa. Nyaya za baharini zikalinyang'anya kazi. Badala ya kuliuza chuma chakavu, Ghana na Afrika Kusini wakaligeuza darubini ya redio, ikazinduliwa 2017.

Kenya, Zambia na Msumbiji zimo katika nchi nane za Afrika zinazoshirikiana na Afrika Kusini kwenye SKA, mradi wa kimataifa wa darubini kubwa ya redio. Tanzania haimo. Linaniuma, kwa sababu ukipanda vilima vya nyuma ya Ujiji usiku wa giza, Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota, unaiona kwa macho matupu, na giza la namna hiyo ni mtaji.

"Hao wa Chile," mjomba akauliza, "walipatana mgao kabla ya ujenzi au baada?"

Baada. Mkataba wa kwanza na ESO ni wa 1963. Zile asilimia 10 ziliandikwa miaka ya 1990.

"Miaka thelathini mwaloni kwao bila mgao ulioandikwa," akasema, akaokota sindano yake.