Nu metal sio lazima kuwe na rap

Watu wengi wanaamini, tena kwa miaka mingi, kwamba bendi ya nu metal (aina ya roki nzito) lazima iwe na mtu wa kurap na dijei wa kukwaruza sahani za muziki, bila hivyo sio nu metal. Inaeleweka kabisa, maana nyimbo zilizopigwa sana kwenye TV mwishoni mwa miaka ya 90 nyingi zilikuwa hivyo. Ila bendi inayotajwa zaidi kama mwanzilishi, yaani Korn ya Bakersfield, California, ilitoa albamu ya kwanza 1994 na haikuwa na dijei, sanasana utasikia zumari la Waskoti humo ndani (ndiyo, lile la mfuko!).

Kinachobeba huu muziki hasa ni magitaa yaliyoshushwa tyuni chini kabisa, mengine ya nyuzi 7 badala ya 6, besi inayogonga, ngoma zenye mwendo wa hip hop na fanki, na solo za gitaa ni chache. Ukitaka kuhakikisha mwenyewe soma kwenye kava la albamu nani kapiga nini, halafu sikiliza albamu nzima sio zile hiti mbili tatu, na ukiona video ya shoo we hesabu nyuzi za magitaa, mengine utakuta ni 7.